Kuwakumbuka Wapendwa Wetu Waliotangulia

Ndugu wapendwa,

Baada ya wenzetu wawili kuniuliza namna ya kuadhimisha, kwa desturi yetu ya Kiyahudi, siku waliyofariki wazazi wao, nimeona niwaandikieni nyote. Kumbukumbu ya mwaka huhesabiwa kwa kalenda ya Kiebrania, kwa hiyo tarehe yake katika kalenda ya kawaida huhamahama. Tafadhali nitumieni tarehe ya kifo, mkieleza kama kilitokea kabla au baada ya jua kuchwa, kwa kuwa siku ya Kiyahudi huanza magharibi. Jioni kumbukumbu inapoanza ndipo huwashwa mshumaa uwakao kwa saa 24.

Kadishi ya wafiwa, sala ambayo mtoto humsomea mzazi wake kwa miezi 11, karibu yote iko katika lugha ya Kiaramu, na jambo linalonigusa kila niisikiapo ni kwamba haitaji kifo hata mara moja, bali humtukuza Mungu na kuomba amani. Kwa kuwa haisomwi pasipo watu wazima 10, kuja kwenu ni msaada wa kweli kwa mfiwa, hata kama hamkumjua marehemu.

Mtakaokwenda makaburini, chukueni vijiwe vya kuweka juu ya kaburi, kwani maua si desturi yetu. Wengine hutoa tzedaka, neno lenye asili moja na sadaka, kwa jina la marehemu, nami naiona kuwa heshima kubwa kuliko zote, maana wema wa mzazi huendelea kupitia mkono wa mwanawe.

Majina ya kusomwa katika Yizkori, sala ya kuwakumbuka marehemu, Siku ya Upatanisho, yanifikie kabla ya Ijumaa.