Ushuru ni sifuri, mbona gunia linapanda bei mpakani?

Kila msimu wa mavuno wateja tunaowasaidia kuvusha mahindi hapa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, wanatuuliza swali hilohilo: kama mahindi ya Tanzania yanaingia Kenya bila ushuru, fedha inaishia wapi?

Ni kweli ushuru haupo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005, na mahindi yaliyolimwa ndani ya Jumuiya, yakiwa na cheti cha uasilia (kinachothibitisha yalikolimwa), hayatozwi ushuru wa forodha. Kinachomla mfanyabiashara ni vile vinavyoitwa vikwazo visivyo vya kiforodha: sampuli kupimwa upya ng'ambo wakati imeshapimwa huku, kibali kubadilishiwa masharti lori likiwa njiani, vizuizi vya barabarani.

Ushuru angalau unajulikana. Unauweka kwenye hesabu kabla hujanunua gunia la kwanza. Kikwazo hakijulikani. Chukulia lori la gunia 300, na kila siku linaposimama linakula shilingi 300,000 za gari na posho ya dereva. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa gunia. Likisimama siku tano, ni 5,000, na pengine ndiyo faida yote uliyoitegemea.

Mfanyabiashara aliyeumia hivyo mara moja hujikinga safari inayofuata. Akirudi Babati au Kibaigwa anampunguzia mkulima bei, hata kama safari hiyo mpaka utakuwa mweupe. Nairobi naye mnunuzi wa unga anaongezewa. Hasara ya siku chache inalipwa msimu mzima na watu ambao hawajawahi kufika mpakani, na hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini yakaja masharti: waingizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Shehena ziliendelea kukwama hadi Mei, Rais Samia alipozuru Nairobi, ndipo Rais Kenyatta akaagiza mahindi yaliyokwama yaondoshwe ndani ya wiki mbili. Upande wetu nao si msafi. Mwaka 2023 Tanzania ilikaza masharti ya kibali cha kusafirisha mahindi nje, na malori yakapanga foleni hapahapa Namanga.

Sumukuvu yenyewe si kisingizio. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kupima ni haki ya mlaji. Tunacholalamikia ni kupima mara mbili, na kumtangazia mtu sharti akiwa ameshapakia.

Ndiyo maana kazi yetu siku hizi inaanzia ghalani. Tunakuja na kipima unyevu. Mahindi yakizidi asilimia 13.5 tunakuomba uyaanike tena, hata kama lori linakusubiri. Kisha sampuli inakwenda maabara, tunafuatilia cheti cha afya ya mimea TPHPA, mamlaka ya Tanzania ya afya ya mimea na viuatilifu, na mnunuzi wako anakuwa ameshapata kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla gari halijang'oa nanga. Mwenye mzigo mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani. Wakina mama wengi wanaovusha bidhaa kidogokidogo hawajaambiwa hili.

Jambo moja tunalisisitiza sana: gari likiharibika njiani, tupigie kabla hujahamisha mzigo. Mteja wetu mmoja alihamishia gunia zake kwenye lori jingine pale Longido, nyaraka zikabaki na namba ya lori la kwanza. Alikaa siku nne. Mahindi yalitoa jasho chini ya turubai, na gunia za juu zikaanza kunuka uvundo.

Ukikwamishwa bila sababu ya msingi, tunza kila risiti na uandike saa uliyofika na saa uliyoruhusiwa. Upo mfumo wa pamoja wa jumuiya za kikanda za EAC, COMESA na SADC wa kuripoti vikwazo, tradebarriers.org, na nchi husika inatakiwa kujibu. Lete karatasi zako ofisini, tutakusaidia kujaza taarifa hiyo bila malipo.