Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliowatafuta Panthers

Ndugu wanachama, wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi,

Kwenye mkutano mkuu uliopita mliniuliza kama huu mji wetu wa Orlando uliwahi kuwa na timu yake ya futiboli ya Kimarekani, maana watoto wetu wanaicheza shuleni na sisi wazazi tunakaa jukwaani tunapiga makofi bila kujua refa kapuliza nini. Ilikuwepo, na ilikuwa moto kweli. Orlando Panthers. Mwaka huu wote tumeifuatilia.

Haikuzaliwa hapa. Ilianzia Newark, New Jersey, ikiitwa Bears, na 1966 ndo ikahamia hapa Orlando, Florida, ikiwa kwenye Continental Football League, ligi ndogo iliyoanza mwaka mmoja nyuma, na msije mkadhani ilikuwa ndondo ya mtaani maana Bill Walsh aliyekuja kubeba Super Bowl tatu (ile fainali ya ligi kuu, NFL) na timu ya San Francisco 49ers alifundisha San Jose Apaches kwenye ligi hiyohiyo 1967.

Walichezea Tangerine Bowl, uwanja uleule ambao leo unaitwa Camping World Stadium, mnaupita kila siku. Kotabeki wao, yaani kiongozi wa mashambulizi, Don Jonas alikuwa anarusha mpira na kupiga mateke ya pointi yeye mwenyewe, akawa mchezaji bora wa ligi miaka mitatu mfululizo. Fainali ya 1966 walipoteza kwa Philadelphia Bulldogs muda wa nyongeza, 20-17, yaani inauma mpaka leo, ila 1967 wakawapiga Orange County Ramblers 38-14 na 1968 wakawapiga haohao tena.

Makombe mawili, na bado timu ikafa. Ligi haikuwa na pesa za televisheni za kueleweka, ikavunjika baada ya msimu wa 1969, Panthers wakakimbilia ligi nyingine ndogo, Atlantic Coast Football League, wakacheza 1970 na ndo ikawa mwisho. Disney World ikafunguliwa Oktoba 1971, watu wakaanza kumiminika mjini. Mimi naamini wangevumilia kidogo tu hadithi ingekuwa nyingine.

Ila huo msimu wa mwisho walituachia Pat Palinkas. Tarehe 15 Agosti 1970 aliingia uwanjani dhidi ya Bridgeport Jets, mwanamke wa kwanza kucheza futiboli ya kulipwa, kazi yake kumshikia mpira mumewe apige. Mpira wa kwanza ukamponyoka, beki mwenye karibu mara mbili ya uzito wake akamwangusha. Akainuka, akarudi tena kushika.

Hiyo stori niliwasimulia watoto siku ya mazoezi yetu ya Jumamosi, na binti wa mmoja wetu hapohapo akapiga goti kwenye nyasi zenye umande, kidole kimoja juu ya ncha ya mpira, macho kwa kaka yake anayekuja mbio, wala hakupepesa. Mama yake alikuwa anapakua pilau, akaacha mwiko hewani.

Mwakani nataka tuwapeleke watoto wote ndani ya ule uwanja wakaone nyasi zenyewe. Basi na tiketi ni kwa ada zetu, kwa hiyo mwenye deni nakuomba sana umwone mweka hazina kabla ya mkutano.

Mwenyekiti wenu