Tambara la choo lisifike jikoni

Ndugu Mhariri,

Mvua za Machi zinapokaribia, magazeti yetu hujaa mawaidha: tuchemshe maji ya kunywa, tunawe mikono kwa sabuni, tufunike chakula. Ni mawaidha mema, hatuna neno nayo. Ila kuna kitu kimoja hakitajwi, nacho hupita kila siku juu ya meza, sinki, mlango wa friji, kiti cha mtoto na sakafu. Ni tambara. Sisi kazi yetu ni kufundisha wasaidizi wa nyumbani hapa Kampala, na tunaomba nafasi tuseme wazi: katika nyumba nyingi uchafu hauondolewi, unahamishwa tu kutoka chumba hadi chumba, na kinachouhamisha ni kitambaa kibichi ambacho hakipati hata siku moja ya kukauka.

Bakteria wanataka maji, mabaki ya chakula na joto. Kitambaa kilichofuta meza kikakunjwa kando ya sinki kinawapa vyote vitatu. Wakipata joto wanalolipenda, bakteria kama E. coli hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, maana yake mmoja anaweza kuzaa zaidi ya milioni 2 kwa muda wa saa 7. Joto la jikoni petu ni pungufu kidogo ya hapo, kwa hiyo huenda polepole zaidi, lakini usiku ni mrefu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Furtwangen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuchunguza sponji 14 za jikoni zilizotumika majumbani. Sehemu nyingine za sponji zilikuwa na bakteria hadi bilioni 54 katika sentimita moja ya ujazo, na zile ambazo wenyewe walidai huzisafisha mara kwa mara hazikuwa na nafuu. Ushauri wao ulikuwa sponji ibadilishwe kila wiki. Anayetumia dodoki kuoshea vyombo naye asijidanganye kwamba limetoka shambani: lina matundu yaleyale na hushika mabaki yaleyale.

Kuhusu kitambaa chenyewe, si lazima ununue cha dukani. Fulana za mivumba, yaani mitumba, kutoka soko la Owino hapa Kampala zinatosha, mradi ziwe za pamba kweli. Dondoshea tone la maji: pamba hulinywa papo hapo, poliesta huliacha likae juu. Ukibaki na shaka, chomoa uzi uuchome nje. Wa pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha majivu. Wa poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Fulana moja ya mtu mzima hutoa vipande vinne vya sentimita 30 kwa 30. Ondoa mishono minene na sehemu iliyochapwa picha, kwa sababu rangi ile ya plastiki hainyonyi maji. Taulo kuukuu, ambalo wengi hulipenda kwa kuwa linanyonya sana, ndilo baya kuliko yote wakati wa mvua: unene wake hulifanya likae bichi siku mbili, wakati kipande chembamba chini ya bati hilohilo kimeshakauka. Vitambaa vya maikrofaiba ni vizuri kwa vioo na vumbi, lakini Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha na kuua vijidudu, huviharibu mapema na dawa ya kulainisha nguo huziba nyuzi zake.

Nyumba ya vyumba viwili vya kulala haiendi na tambara moja. Inataka vipande 14 hivi: sita vya jikoni, vinne vya sebule na vyumba, viwili vya bafu na sinki la kunawia, viwili vya choo. Hoteli na hospitali nyingi hutenganisha kwa rangi, nyekundu chooni, kijani jikoni, buluu kwingineko, na mtu mwenye fulana za rangi hizo anaweza kuiga. Asiye nazo akate pembe: kipande kisicho na pembe moja ni cha bafu, kisicho na pembe mbili ni cha choo. Alama ya kukata haifutiki kwa kufuliwa, na hata mgeni akishika kitambaa gizani umeme ukikatika ataitambua kwa vidole.

Namna ya kufuta nayo ina utaratibu wake. Kunja kitambaa nusu, kisha nusu tena. Sasa una nyuso nane. Futa kwa uso mmoja, geuza, futa kwa mwingine. Zikiisha zote nane, kitambaa kinaenda kwenye beseni la kufuliwa, hakirudi mezani. Anayekifinyanga kuwa donge hutumia uso uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Anza pasafi umalizie pachafu, juu kabla ya chini, na uvute kwa mistari inayofuatana badala ya kuzungusha, kwa sababu kuzungusha hurudisha ulichokwisha kukiokota. Choo kina mfuatano wake: kwanza kitasa cha mlango na mpini wa kuvutia maji, halafu kifuniko, halafu kikalio, mwisho kabisa sakafu inayokizunguka.

Damu ya nyama na maji ya kuku mbichi hayafutwi kwa kitambaa cha kudumu hata kidogo. Kuku mbichi huweza kubeba bakteria wa kuharisha, Salmonella na Campylobacter, na kitambaa kilichogusa maji yake kikipita juu ya ubao wa kukatia nyanya za kachumbari, moto wa kumpika kuku hautakusaidia kitu. Kusanya kwa karatasi ya chooni au gazeti kuukuu (hili pia, Mhariri, likishasomwa), tupa, osha kwa sabuni, ndipo utie dawa. Matoke yana shida tofauti. Utomvu wake si ugonjwa, ila hunata kwenye kitambaa na kukusanya kila kitu kinachopita, na baada ya wiki kitambaa kinakuwa cheusi na kigumu. Kiwepo kipande kimoja cha kumenyea matoke peke yake, kipakwe mafuta kidogo ya kupikia kabla ya kufuliwa ili utomvu ulegee. Wauza rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) wa barabarani, ambao kwa kitambaa kimoja hufuta ubao, kisu na mikono, wanahitaji barua yao wenyewe.

Sasa sakafu. Kosa la kwanza hutokea kabla maji hayajaguswa, nalo ni kutofagia. Vumbi letu jekundu likikutana na dekio bichi linakuwa tope, na tope hilo huingia kwenye mifereji kati ya vigae ambako halitoki tena ila kwa brashi. Fagia kwanza, hadi chini ya viti. Kisha chukua ndoo mbili. Ya kwanza iwe na lita 5 za maji na kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji. Ya pili iwe na maji matupu ya kusuuzia, lita 8 au 10. Chovya dekio kwenye sabuni, likamue, futa eneo la hatua mbili kwa mbili hivi, lisuuze kwenye ndoo ya pili, likamue sana, ndipo lirudi kwenye sabuni. Uchafu unabaki katika ndoo ya pili, na ya sabuni inakaa safi muda mrefu. Jerikeni moja ya lita 20 inatosha kwa nyumba ndogo, na wanaonunua maji kwa jerikeni wataona kwamba njia hii haili maji kuliko ile ya ndoo moja inayomwagwa kila mara. Usipoona chini ya ndoo ya kusuuzia, maji yamekwisha kazi. Yamwage chooni au kwenye mfereji wa maji machafu, kamwe si kwenye sinki la vyombo.

Sabuni nyingi haifanyi sakafu iwe safi zaidi. Huacha utando unaonata, na kesho yake nyayo zinaonekana kila mahali, mwenye nyumba akadhani dada hajadeki. Maji mengi nayo hupenya chini ya mbao na kwenye nyufa za saruji. Dekio likinyanyuliwa lisichuruzike. Anayeinama na kudeki kwa mkono avae glavu, si kwa uchafu tu bali kwa pini na vipande vya vioo, na azivue glavu hizo kabla ya kushika chochote cha jikoni. Anza kona ya mbali ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Dekio la choo na bafu liwe lake peke yake, na shimo la choo cha nje lisipelekewe dekio la ndani kwa sababu yoyote. Lina ufagio wake mgumu.

Kuhusu Jik, wengi huimimina kwa macho, wakidhani harufu ikipanda ndipo inafanya kazi. Soma lebo. Kama imeandikwa 3.5%, vijiko 10 vya mezani, yaani mililita 150, ndani ya lita 5 za maji hutoa nguvu ya takriban 0.1%, ambayo inatosha kwa choo, sinki na sakafu iliyochafuliwa. Pawe pameoshwa kwanza kwa sabuni na kusuuzwa, kwa sababu klorini hupotezea nguvu zake kwenye uchafu kabla haijafika kwa vijidudu. Wacha ikae dakika 10, kisha suuza sehemu zinazoguswa na chakula. Tumia maji baridi, maana ya moto huidhoofisha. Mchanganyiko wa leo ni wa leo. Wa jana umwage. Jik inayouzwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo usiinunue: hujui nguvu yake, na mtoto mwenye kiu hajui kama si maji.

Na usiichanganye na kitu kingine. Dawa nyingi za kusugulia bakuli la choo ni asidi, na asidi ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, mtu anaweza kuanguka. Siki hufanya vivyo hivyo. Mkojo mwingi uliolala, kwa amonia yake, hutoa gesi nyingine ya sumu iitwayo kloramini, kwa hiyo mwaga maji chooni kabla ya kutia dawa. Zile dawa za kunukia zinazofanya maji yawe meupe kama maziwa zina kazi yake zikipimwa kama lebo inavyosema, lakini harufu ya msonobari si kipimo cha usafi.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote huja baada ya kazi. Dekio huachwa ndani ya ndoo ya maji machafu hadi asubuhi, na kinachopakwa sakafuni siku ya pili ni maji yaliyozalisha usiku kucha. Harufu ile ya uvundo ni bakteria kazini, na kuifunika kwa marashi hakubadilishi kitu. Suuza vitambaa kwa maji baridi kwanza, hasa vyenye damu, yai au maziwa, kwa kuwa maji ya moto huvigandisha kwenye nyuzi. Fua vya jikoni peke yake, vya choo na sakafu peke yake, na usichanganye chochote na nguo za mtoto. Kisha chemsha vile vya pamba dakika 10, vya jikoni katika sufuria ambayo haipikiwi. Makaa yanayobaki kwenye sigiri baada ya chakula cha jioni yanatosha kwa kazi hiyo. Wakazi wa Kabale, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 kwa sababu ya mwinuko, wasiwe na shaka. Joto hilo linawamaliza bakteria wa jikoni.

Anika vikiwa vimekunjuliwa, si vimerundikwa kwenye msumari mmoja. Dekio ligeuzwe kichwa juu, nyuzi zikiwa zimetawanywa, nje kwenye jua kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Siku za mvua viwekwe chini ya ukingo wa bati upande wenye upepo, na vya jikoni vipigwe pasi ya moto kabla ya kuwekwa. Kitambaa ambacho baada ya kuchemshwa na kuanikwa bado kinanuka hakina dawa, kitupwe.

Mgonjwa akitapika au kuhara, utaratibu hubadilika. Vaa glavu, funika kwa magazeti, mimina juu yake mchanganyiko wa sehemu moja ya Jik ya 3.5% na sehemu 6 za maji, subiri dakika 10, kusanya na uteketeze karatasi zikishakauka, au uzitupe katika choo cha shimo. Osha kwa sabuni, kisha rudia dawa. Wakati wa mlipuko wa Ebola, kama ule wa Mubende mwaka 2022 au wa Kampala mwaka 2025, mtu mwenye dalili akitapika nyumbani msifute wenyewe: fungeni chumba, pigeni simu kwa wahudumu wa afya.

Mwisho, tuna ombi kwa pande mbili. Waajiri wanaomlaumu dada kwa uchafu wahesabu kwanza vitambaa walivyompa. Mara nyingi ni kimoja, na ndoo moja, na hana pa kuanika. Na wenye kupangisha zile nyumba za chumba kimoja tunazoziita mizigo wafunge waya wa mita tatu chini ya bati, mbali na mlango wa choo, kwa kila mpangaji. Kwa sasa wapangaji huanika tambara dirishani ndani, juu ya jiko la kupikia.

Wakufunzi wa utunzaji wa nyumba,
Kampala