Barua ya wazi kwako Baba Mdogo, uliyepigana Kagera na baba

Shikamoo Baba Mdogo.

Jina lako silitaji, najua hupendi makuu. Wewe na wazee wenzako mliokuja Musoma kumzika baba mtajijua wenyewe.

Nianze na ule wasifu wa marehemu. Sisi watoto tuliandika kwamba alijiunga na Jeshi la Wananchi, akashiriki Vita vya Kagera, akastaafu. Basi. Baba hakuwahi kutupa zaidi ya hapo. Ulipousoma pale chini ya turubai ukavua miwani, ukaomba kalamu. Kufumba na kufumbua wazee watatu wanne wameinamia karatasi, wanabishana. Mmoja anasema mlivuka Mto Kagera kwa daraja la muda, kwa kuwa lile la Kyaka majeshi ya Amin yalishalilipua. Mwingine anaapa kwamba yeye alivuka kwa mtumbwi, na baba alikuwa naye. Ikabidi mama aamue: "Andikeni alivuka."

Usiku huo ndipo nikajua baba alikuwa dereva wa lori la risasi. Kwamba Machi 1979 alikuwa kwenye barabara ya Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, kinamasi na mafunjo kushoto na kulia, gari huwezi kuligeuza hata ukitaka. Na kwamba siku Kampala inaanguka, tarehe 11 Aprili, wenzake wanashangilia, yeye yuko chini ya lori anahangaika na pancha. Mlicheka mpaka machozi, na mama akacheka nanyi. Tangu tutoke hospitali nilikuwa sijamsikia akicheka.

Makaburini hamkuwa na bunduki wala tarumbeta. Mzee mwenye mkongojo alitoa amri, "Mguu sawa!", nanyi mkanyooka, watu wa miaka sabini na ushee, mmoja ameshikwa kiwiko na mjukuu wake. Vijana waliokuwa wanachezea simu kule nyuma wakaziweka mfukoni bila kuambiwa.

Lakini shukrani yangu kubwa ni ya baada ya matanga. Turubai likishashushwa, watu hurudi kwenye shughuli zao, na siwalaumu. Wewe ulibaki. Mama hakujua aanzie wapi na mirathi. Ukamkalisha, ukamwambia kwanza kikao cha ukoo, na muhtasari wake uandikwe na kusainiwa. Cheti cha kifo. Barua ya serikali ya mtaa. Kisha mahakama ya mwanzo kumthibitisha msimamizi. Kuna ofisi moja ilikuwa inamzungusha, njoo kesho, njoo keshokutwa. Siku uliyokwenda naye ulikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi, kofia magotini, husemi na mtu. Saa nane faili likapatikana. (Mama mpaka leo anasema ni zile nyusi zako.)

Kila tarehe 25 Julai nchi inawakumbuka mashujaa, na waliolala Kaboya kule Muleba wanastahili kila shada. Wale waliorudi wakazeekea vijijini, na magoti yao mabovu na usingizi wa mang'amung'amu, nilidhani wameachiwa familia zao tu. Kumbe mnapigiana simu kila Jumapili kujua nani hajaamka vizuri. Kumbe baba alipokuwa anatoka nje na simu yake, tukimtania kwamba ana mchepuko, alikuwa anaitika jina.

Sasa mama ana ombi. Jumapili mnapopigiana, naye mpigieni. Hana namba ya jeshi, ila anasema amefua kombati miaka mingi kuliko ile mliyozivaa ninyi. Na lile koti la baba la baridi amekuwekea wewe, mabega yenu yalikuwa sawa. Njoo ulichukue, na uje na yule mzee wa Tarime aliyetuambia daktari kamkataza sukari, kisha akamaliza chupa nzima ya chai. Tutamfichia kopo.

Binti yako.