Betri mbovu zisiyeyushwe uani kwa watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi mafundi wa Buguruni tunaliona kila siku lakini silisikii likisemwa. Betri mbovu za magari zinapasuliwa na kuyeyushwa kwenye nyua za watu, watoto wakiwa hapo hapo, na risasi iliyomo, yaani ile metali nzito yenye sumu, si ya bunduki, inaingia kwenye damu zao.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Betri ya gari dogo ina kilo 15 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Ikishakufa haikai gereji muda mrefu. Anapita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, anaipima kwenye mzani na kuinunua kwa kilo. Mtu ambaye kijana huyo anamuuzia hataki kulipia uzito wa maji yaliyomo, ambayo ni tindikali, kwa hiyo humwagwa kwanza, mara nyingi kwenye mtaro ulio karibu. Betri nyingine hufika viwandani. Nyingine zinaishia uani. Shoka linapasua ganda, sahani za risasi zilizomo zinatolewa, zinatiwa kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na mkaa ukipulizwa vizuri unafika hapo bila taabu. Juu ya sufuria hutanda takataka ya kijivu, mwenye kazi anaichota kwa upawa na kuitupa pembeni. Inayobaki chini inamiminwa kwenye vishimo vya mchanga, ikipoa inakuwa chubwi za wavuvi.

Ile takataka ya kijivu ndiyo inayoninyima usingizi. Ikikauka inakuwa vumbi laini kama unga wa sembe. Wasichana wanachezea rede juu yake, nguo zinaanikwa hapo, mtoto anayetambaa anashika chini na kutia vidole mdomoni. Haina harufu. Mvua ikinyesha haiozi wala haipotei, inasogea tu kuelekea kwa jirani.

Kwa kiasi kile kile kilichomezwa, mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima, na asiyepata chakula chenye madini ya chuma ya kutosha hunyonya zaidi ya hapo. Mwili unaidhania kuwa ni kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, unaiweka akiba kwenye mifupa, nayo hukaa humo miaka na miaka. Binti aliyeivuta utotoni akija kubeba mimba, mifupa yake inapotoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, risasi nayo hutoka ikamfikia aliye tumboni. Dalili zake zinafanana na za maradhi mengine: tumbo kuuma, kukosa choo, upungufu wa damu. Mtoto anapewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani. Akifika shule haelewi anachofundishwa, anaitwa mzito, anachapwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Anayedhani nakuza mambo aangalie Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa huko, mahali ambapo watu walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Karibu zaidi na sisi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa katikati ya makazi. Wakazi walikwenda mahakamani, na hukumu ya mwaka 2020 iliwapa haki ya fidia, lakini fidia haitoi risasi kwenye mifupa ya mtu.

Najua jiji hili lina sumu nyingine. Vijana wanachoma nyaya wapate kopa, na plastiki ile ikiungua hutoa sumu kali ziitwazo dioksini, zinazotua kwenye udongo, kuku wa kienyeji wakadonoa, zikaingia kwenye mafuta ya mayai tunayokula. Mchicha unaomwagiliwa maji ya Msimbazi nao una historia yake. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga zinazolimwa kando ya mto huo na Mto Sinza, na risasi na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, zilikuwamo. Kuosha kunaondoa vumbi la juu ya jani, lakini kilichopanda kupitia mizizi kinabaki hata ukichemsha. Jiko la mkaa likiua watu usiku kwenye chumba kilichofungwa, asubuhi mtaa mzima unajua. Risasi inampunguza mtoto akili kidogo kidogo na hakuna anayekuja na kamera.

Siwaonei choyo wanaoishi kwa vyuma chakavu, wengi wao ni vijana wetu na wana familia. Ninachotaka ni betri isipite kwao ikiwa imepasuliwa. Anayeuza betri mpya alazimishwe kupokea ile mbovu, nzima na maji yake ndani, na kumpunguzia mteja bei. Mteja akiona fedha hiyo hataiacha betri barabarani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tunayo, na betri chakavu zinahesabiwa kuwa taka hatarishi. NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na maofisa wa mazingira wa kata waingie uani, wasiishie kwenye viwanda vyenye mageti. Petroli yenye risasi iliondolewa kwenye vituo vyetu na magari yanatembea mpaka leo, kwa hiyo asituambie mtu kwamba hili haliwezekani.

Mafundi wenzangu, tusiondoke na ovaroli kwenda kubebea watoto nazo. Tuoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na sakafu tuilowanishe kabla ya kufagia.

Wizara ya Afya nayo ipeleke kipimo cha risasi kwenye damu katika zahanati za Buguruni, Vingunguti na Kigogo, ianze na watoto wa nyumba zinazopakana na sehemu za kuyeyushia. Wenyeji tunazijua, tukiulizwa tutazionyesha.

Fundi umeme wa magari,
Buguruni, Dar es Salaam