Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Waongoza Watalii na Wenye Boti wa Kilindoni, Mafia

Ndugu wanachama, wazee wetu washauri na wageni waalikwa, Assalaam aleikum.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mwaka mwingine bila kupoteza mtu baharini, na kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya kazi zetu. Shughuli za kawaida mnazijua. Tumesafisha ufuo mara nne, tumenunua majaketi 30 ya kuokolea maisha, tumepeleka vijana 6 kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, tumehudhuria vikao vya halmashauri ya wilaya kila tulipoitwa, na tumekarabati banda la kupokelea wageni, kazi ambayo niliisimamia mwenyewe tangu nguzo ya kwanza hadi kuezeka. Makusanyo yalikuwa shilingi 9,460,000 na matumizi shilingi 8,915,000. Mhazini anazo risiti zote.

Jambo linalohitaji maelezo marefu ni uamuzi wa mwezi Septemba wa kuweka zamu za boti zinazopeleka wageni kwa papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, katika ghuba yetu ya Kilindoni, ambao umezungumzwa zaidi vijiweni kuliko katika vikao.

Mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka tulikaa kuandaa mpango wetu wa miaka mitano, na lengo la kwanza lililopendekezwa lilikuwa kuongeza maradufu idadi ya wageni wanaokwenda kuogelea na papa potwe. Hata taifa lilijiwekea lengo la watalii milioni 5 ifikapo mwaka 2025, kwa hiyo haikuwa ajabu sisi nasi kuanza na hesabu ya vichwa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuliunga mkono. Kilichonizuia ni daftari la safari, ambalo nilimwomba katibu tulipitie ukurasa kwa ukurasa. Tuliona kwamba wageni wetu karibu wote huja kati ya Oktoba na Februari, hulala usiku mmoja au miwili, na hutaka kutoka saa zilezile za asubuhi kabla upepo haujachafua bahari. Lengo lile, kwa hiyo, lingekuwa na maana moja tu kwetu: boti mara mbili, juu ya samaki yuleyule, katika saa zilezile.

Papa potwe huja juu kufuata uduvi. Boti ikimkatia njia anazama, na mgeni aliyelipa anarudi bandarini hajamwona. Tangu mwaka 2016 anahesabiwa duniani kuwa katika hatari ya kutoweka, na ghuba yetu iko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, hivyo nidhamu ya humu inategemea sana sisi wenyewe. Ndugu zetu wa Kizimkazi, Unguja, walitutangulia katika biashara ya namna hii kwa pomboo, na yeyote aliyefika kule amejionea boti nyingi zikilikimbiza kundi moja la wanyama wanaotaka kupumzika. Sikutaka tufike huko.

Kwa sababu hiyo Kamati ilipendekeza, na mkutano ukapitisha, kwamba boti zisizidi 8 kwa asubuhi moja, zikitoka kwa zamu. Papa mmoja asizungukwe na boti zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Waogeleaji wasizidi 10, wakae mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani. Lengo la mpango likabadilishwa: tutahesabu siku ambazo mgeni anakaa Mafia na kiasi cha fedha kinachobaki mikononi mwa watu wa hapa. Mgeni anayelala usiku wa tatu anakula kwa mama lishe, anakodi pikipiki na kununua mkeka. Hana sababu ya kuondoka mapema ikiwa tutamwonyesha kasa wanaoanguliwa katika kisiwa cha Juani kati ya Juni na Septemba, nyangumi wanaopita Agosti na Septemba, magofu ya mji wa kale wa Kua, na wale popo wakubwa wa kisiwa cha Chole. Vivutio hivi tunavyo, na vingine vinapatikana katika miezi ambayo boti zetu zimelala mchangani.

Wapo waliodai kwamba zamu ziliwekwa ili kuwapendelea wenye boti ndogo, kwa kuwa nami nina boti ndogo. Boti yangu imo katika orodha ileile, na mwezi Desemba ilikaa pwani siku 11 huku wageni wakiniulizia kwa jina. Wapo pia waliodai kwamba uamuzi haukuwa na akidi. Mkutano uliitishwa mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa 14. Mara ya pili, baada ya matangazo kupelekwa hadi nyumbani kwa watu, tulikuwa 19 kati ya wanachama 58, na katiba yetu inaruhusu mkutano wa mwito wa pili kuendelea na waliopo. Inaniuma kuona kwamba wengi wa wanaolalamika leo hawakuwemo katika hao 19. Ni kweli pia kwamba hoteli moja, ambayo si mwanachama, imeendelea kutoa boti bila zamu. Tumeiandikia barua mbili na hatujajibiwa, lakini kosa la mwingine haliwezi kuwa kibali cha sisi kuvunja tulichokubaliana.

Kuhusu ada, ukweli ni mchungu. Wanachama 21 ndio waliokamilisha shilingi 60,000 za mwaka, na deni la waliobaki ni shilingi 2,220,000. Fedha hizo zingetosha kuweka maboya ya kufungia boti ambayo mmekuwa mkiyadai kwangu kila tunapokutana. Nimelipa mafuta ya safari za ukaguzi kwa fedha zangu mara kadhaa, na sikudai kurudishiwa. Nawasihi wenye madeni wamwone mhazini kabla kaskazi haijaisha, kwa maana masika ikiingia kila mmoja wetu atasema biashara imefungwa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kukaa na wazee wa Juani na Chole ili tuelewane namna ya kugawana safari, kuzungumza na wavuvi wa nyavu kuhusu papa wanaonasa, na kuona kama halmashauri inaweza kutusaidia kuweka kumbukumbu za siku za wageni kwa namna iliyo bora zaidi. Mfumo wa zamu utajadiliwa upya mwezi Machi, na kila mwenye hoja ataruhusiwa kuitoa, mradi awe amefika mkutanoni.

Naomba kuwasilisha.