Kwa wanangu mnaoanika dagaa Igombe, Mwanza: msijibu "nipo tu"

Wanangu,

Mwangaluka. Najua mtaisoma barua hii kwenye simu mmekalia ndoo tupu, maana wiki hii mbalamwezi inawaka, mitumbwi haiendi na kazi hamna. Nimesubiri siku hizi makusudi. Wakati wa giza la mwezi, mitumbwi ikitoka, nisingempata hata mmoja wenu.

Nimesikia watu wa utafiti walipita mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, juzi, wengine mkawakimbia. Mmoja wenu aliulizwa anafanya kazi gani, akajibu, "Mimi nipo tu." Aliyeniletea habari alicheka hadi machozi. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu hilo liliwahi kutolewa mbele yangu, na aliyekuwa anazungumziwa ni mimi.

Ni miaka mingi sasa, nikiwa bado na mgongo wa kuinama. Kijana mwenye fomu alikuja nyumbani akamtaka mkuu wa kaya. Mume wangu, Mungu amrehemu, akaketi naye chini ya mwembe. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, nachambua dagaa: natoa mchanga, natenga furu wadogo, mikono imejaa magamba hadi kwenye viwiko. Kijana akauliza, "Na mama anafanya kazi gani?" Mume wangu akasema, "Hafanyi kazi, yupo tu nyumbani." Kijana akaandika. Hata shingo hakugeuza. Dagaa wale ndio waliokuwa wakilipa ada ya watoto watatu. Nami sikusema neno. Nilinyanyuka nikamletea mgeni uji. Mpaka leo najilaumu kwa ule uji.

Ziwa letu la Victoria linahesabiwa, msidhani halihesabiwi. Tangu mwaka 2000 Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi: mialo mingapi, mitumbwi mingapi, injini, nyavu, wavuvi. Kazi nzuri, siibezi. Lakini mvuvi anayehesabiwa ni yule aliyemo mtumbwini. Wewe unayeanza pale mtumbwi unapogusa mchanga, ukanunua kwa tajiri, ukabeba, ukaanika, ukageuza, ukakimbia na turubai wingu likitanda, utajikuta umeingia kwenye safu ipi? Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mkopo wa boti na injini tunausikia redioni mapema kuliko mkopo wa chanja za kuanikia dagaa.

Wala si Igombe tu. Mwaka 1995 mataifa 189 yalikubaliana Beijing juu ya mambo ya wanawake, na katibu mkuu wa mkutano ule alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, hapo ng'ambo tu. Katika azimio lile serikali zilitakiwa zipime hata kazi ambazo mwanamke halipwi. Ikapita miaka 18. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakaweka kwenye maandishi kwamba kuchota maji, kupika na kulea, navyo ni kazi. Sasa kama Geneva wanasema kulea ni kazi, wewe uliyetoka saa kumi alfajiri kugombea ndoo unajiita "nipo tu"?

Mtaniuliza, Bibi, tukijibu tunapata nini? Haki yenu kuuliza. Basi angalieni mabega ya binti zenu. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa hapa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, waliingia kwenye utafiti wa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Wengine walichanjwa mara moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha wakafuatiliwa damu yao kuona kama dozi moja inatosha. Majibu yao, pamoja na ya utafiti wa nchi nyingine, Kenya ikiwemo, yalifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 likubali dozi moja. Mwaka 2024 Tanzania nayo ikaacha dozi mbili ikahamia moja. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, nami nimewazika wawili. Kwa mzazi wa kisiwani, chanjo ya mara moja maana yake ni nauli moja ya mtumbwi.

Si kila utafiti unaleta furaha. Wanawake wa baa na mama lishe wa mkoa huu waliwahi kujitolea kujaribu jeli ya kuzuia Ukimwi, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba haizuii. Walisikitika, lakini hakuna aliyeuziwa jeli isiyofaa.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mseme Bibi amehongwa soda na watafiti. Wapo waliotuchosha. Wanakuja na swali moja tu la kitandani: nani anatoa mwili ili apewe samaki. Jambo hilo lipo, sikatai, na ni la aibu kwa wanaume wanaolidai. Lakini miaka yote niliyokaa mwaloni hakuna aliyeniuliza masika yananipotezea ndoo ngapi, wala dagaa aliyenyeshewa nikamuuza chakula cha kuku ananirudishia nusu ya mtaji au robo. Kundi moja lilinikalisha kutwa nzima, nikawaeleza hadi sauti ikakauka, wakaahidi kurudi na majibu. Nawangoja.

Kwa hiyo msikimbie, ila na ninyi ulizeni. Umetumwa na nani? Kibali chako kiko wapi? Utafiti unapita COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa; mwenye haki haoni tabu kuonyesha karatasi. Majibu mtayaleta lini, na mtayasoma kwa Kiswahili hapa hapa mwaloni? Asiporidhisha, kataa. Kukataa si utovu wa adabu.

Na msingoje fomu za watu. Kila mmoja awe na kaunta buku. Andika tarehe, ndoo ulizonunua na bei, mvua kama ilinyesha, zilizoharibika, ulizouza na kwa nani, na saa ulizoinama. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Nimewaona wenye vikundi wakirudishwa na afisa maendeleo kwa sababu andiko lao lilikuwa maneno matupu. Mpe kurasa za miezi sita za mvua na hasara, uone kama atasema chanja si mradi.

Jumamosi, kabla giza la mwezi halijaanza, njooni kwangu. Nimenunua madaftari kumi, anayetangulia anapata. Asiyejua kuandika aje na mwanawe wa darasa la nne. Uji nitapika, na safari hii nitakaa ninywe na mimi.

Bibi yenu